Weusi Mchana, Weupe Usiku

Alhamisi, 28 Aprili 1966

Itangazwe kwa raia wote, kuanzia stesheni ya Malaba mpaka soko la Busia, na wa ng'ambo Uganda wakitaka kusikia wasikie: mimi Joash, karani mstaafu wa stoo ya reli, umri miaka hamsini na sita, tumbo mbele na kipara nyuma, leo alfajiri nimekuwa baba wa watoto elfu tatu. Baba anaendelea vizuri, isipokuwa mgongo.

Watoto wenyewe ni vifaranga wa mumi, yule kambare wa ndevu. Juzi mvua ilifurika bondeni, mumi wakapanda kutoka mtoni kuja kutaga kwenye nyasi. Nikazikata nyasi pamoja na mayai yake, nikazilaza kwenye tanki la saruji nyuma ya nyumba. Leo mayai yamepasuka. Ukitazama unaona vijiti vya kiberiti vyenye macho, vinatetemeka.

Edris, Bwana Samaki wetu wa idara ya uvuvi, alikuja na baiskeli kuhakikisha. Kijana wa Busia mjini, mwembamba, amesoma mpaka akavaa miwani. Anasema wakibaki hai elfu moja kwa wiki tatu, chama chetu cha nyumba kumi na mbili kitachimbiwa na serikali kidimbwi cha samaki. Akanipa daftari la serikali. "Mzee, andika unachokiona. Usiandike unachofikiria."

Sawa. Ninachokiona kitaenda kwenye daftari lake. Ninachofikiria kitakuja humu.

Mke wangu Phelister amechungulia tanki. "Kwa hiyo Baba Nerima, mimi na watoto wangu sita tulikuwa mazoezi?"

Jumapili, 1 Mei

Leo wamekuwa weusi. Weusi kama masizi ya sufuria! Mchana kutwa wamejibana kwenye pembe za tanki, chini kabisa, vichwa ndani mikia nje, kama wanywaji wa chang'aa waliosikia gari la polisi. Nimewapondea kiini cha yai. Hawakuja. Yai lenyewe nililiiba kwenye sahani yangu, na sahani yangu haina mayai mengi.

Saa mbili usiku nikaenda na tochi. Nusura niiangushe majini. Weupe! Wote! Weupe kama maji yaliyooshea mchele. Mwili unapitisha mwanga — nimeuona moyo unadunda, nimeiona riziki ya tumboni. Tena wametoka pembeni, wametawanyika tanki zima, wanapanda juu, wanagusa hewa, wanashuka, wanapanda tena.

Nimerudi ndani nikiwa na hofu. Mtoto aliyepauka ni mtoto mgonjwa, hilo halihitaji miwani ya Edris. Damu imewaishia. Wanapanda juu kutafuta pumzi.

Phelister hana habari ya damu. Amechota kikombe kimoja, akawamwaga kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka kona ya jikoni nyuma ya gunia la mtama, akafunika na ungo. "Hawa wangu. Nione ni kitu gani kinachokufanya ule ugali ukiwa umesimama."

Jumatatu, 2 Mei

Asubuhi weusi tena. Afya imerudi na jua! Basi nikaelewa: giza ndilo linalowadhoofisha. Dawa ninayo.

Siku nilipostaafu pale Malaba wenzangu wa stoo walinichangia taa ya presha. Wengine hupewa saa, mimi nikapewa taa, kwa sababu walisema karani huyu hajawahi kuona kilicho mbele ya pua yake. Tulicheka sana.

Leo nimeitundika kwenye nguzo, juu ya tanki, nikaipampu mpaka ikanguruma. Naongeza haya alfajiri: saa tatu, saa tano, saa nane — nimeamka kuangalia kila mara. Weusi! Weusi usiku kucha, rangi ya uzima, wametulia pembeni mwao bila kuhangaika. Nimeandika kwenye daftari la Edris kwa mwandiko wa kupendeza.

Na baraka haiji peke yake. Kumbikumbi wameifuata taa kama mvua. Wanawake wa jirani wamekuja na masufuria, wamecheka, wameimba, wameondoka na kitoweo. Kijiji kizima sasa kinasema "taa ya Karani". Nimelala kwa kiburi kidogo. Phelister anasema kiburi changu kinakoroma.

Jumatano, 4 Mei

Nimekasirika. Naandika ili nisivunje kitu.

Emukule, jirani yangu wa upande wa juu, amekuja jioni wakati napampu taa. Mfereji unaoleta maji kwenye tanki unapita shambani kwake. Mzee wa Kiteso, ametega migono, ile mitego ya kusuka, mtoni tangu kabla sijaota ndevu, na kidole gumba cha mguu wa kushoto alikiacha kwa mamba. Hajui kusoma hata jina lake kwenye risiti ya kodi. Akasimama, akanisalimu kwa Kiteso, "Yoga, Karani," akatazama tanki muda mrefu. Kisha:

"Zima hiyo kitu."

"Kitu gani?"

"Hiyo jua yako. Hii samaki inakula usiku. Mchana inajificha, usiku inatembea. Sasa wewe umefanya mchana mbili."

Nikamwambia kwa heshima — heshima niliyokuwa nayo wakati huo — kwamba usiku wanapauka, wanaishiwa damu. Akacheka! Meno matatu, na yote matatu yamenicheka. "Karani, hata wewe ukivua shati usiku utakuwa mgonjwa?"

Mbele ya wanawake wa kumbikumbi. Wakacheka nao.

Ati nizime taa. Mtu gani anataka taa izimwe? Mwizi ndiye anayetaka taa izimwe! Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti. Akaondoka na ule mguu wake wa vidole vinne.

Ijumaa, 6 Mei

Wamekufa. Si wote. Nimetoa mizoga sahani mbili asubuhi hii. Wengine mikia imetafunwa. Matumbo yamebonyea, meupe, hayana kitu. Kiini cha yai kimelala chini na kuoza, hakikuguswa.

Nimesafisha tanki. Nimebadilisha maji. Nimempigia kelele Phelister kwa ajili ya sabuni, na sabuni ilikuwa kwenye kisanduku chake, haijatoka. Nimempigia kelele jogoo.

Elfu tatu! Sasa wamebaki labda elfu moja na nusu, na wiki moja tu imepita.

Jumamosi, 7 Mei

Nimempata! Mungu si Athumani!

Alfajiri nimekuta taa imezimwa. Haikuishiwa mafuta — imezimwa, kishikio kimefungwa vizuri. Na nusu ya tanki imefunikwa majani! Majani ya mgomba na vichwa vya mafunjo, yamewekewa mawe pembeni yasipeperuke. Kwenye tope, wayo wa kushoto. Vidole vinne.

Kila mtu hapa anajua watu wa mtoni walivyovua kiangazi zamani. Waliponda majani ya sumu, wakayatia majini, samaki wakalewa wakaelea. Emukule mwenyewe amewahi kutusimulia huku akijisifu. Sasa mtu wa namna hiyo anakuja kwangu gizani na mzigo wa majani, siku moja baada ya samaki kuanza kufa. Karani wa stoo anajua kujumlisha.

Nimeyavuta yote nje nikayachoma. Yalikuwa mabichi, moto umelia na moshi umenijaza kifuani. Nimeiwasha taa tena, mchana peupe, kwa hasira tu. Nimeenda mpaka uani kwake nikasema kila kitu ambacho mtu wa kanisa hapaswi kusema. Alikuwa anasuka mgono. Hakusimama. Alisema neno moja: "Kivuli." Nikamwambia kivuli chake atakiona kwa chifu.

Jumapili, 8 Mei

Baada ya ibada, kwenye matangazo, nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Ndiyo, najua — hasira ilinisimamisha, na sauti yangu ni nzuri ndani ya kanisa lenye bati. Nikasema mfereji wetu umetiwa sumu, na nikasema na nani.

"Ng'ombe wangu wanakunywa hapo!" alisema mmoja. "Watoto wanaoga hapo!" akasema mwingine. Nyuki wakichokozwa hawaulizi mwenye fimbo ni nani.

Jioni nimeona moshi upande wa juu. Migono ya Emukule. Wameichoma yote, kumi na minne, kazi ya misimu miwili. Sikuwatuma.

Sikuwakataza.

Phelister hajanipa chakula. Amekiweka mezani na kutoka, jambo ambalo kwake ni hotuba.

Jumanne, 10 Mei

Barua yangu kwa chifu imefika. Kurasa mbili, nakala kwa Bwana Samaki. Baraza Jumamosi. Ikithibitika ni sumu, askari wa chifu watampeleka Emukule Busia akalale ndani, na akitoka ahame mfereji huu asirudi.

Saa kumi Alupo, mke wake, amesimama nje ya ua wangu. Hakuingia. Mama mzima, nywele nyeupe, amenibebea watoto wangu mgongoni.

"Karani, kule kisimani wanamwaga maji yangu. Wanasema mtungi wangu una sumu."

Nikasema mambo yote yako kwa chifu sasa.

"Mume yangu alikuletea kivuli. Alikata mafunjo usiku, mgongo wake mbovu. Alisema ule mjinga ataua watoto wote."

Mjinga! Hata katika kuomba radhi wananitukana! Nilimjibu vibaya. Siandiki nilivyomjibu.

Alhamisi, 12 Mei

Wanazidi kufa. Sahani tatu leo. Waliobaki hawafiki mia nne. Kidimbwi cha chama kimekufa nao, hilo najua.

Bado nimekasirika, na hasira yenyewe imeanza kukosa mahali pa kusimama. Emukule hajatoka kwake tangu Jumapili. Mimi mwenyewe nalinda tanki, kiti, blanketi, rungu, taa inanguruma kichwani. Hakuna aliyekaribia ila mimi. Sasa nani anatia sumu?

Labda sumu inakaa ndani ya saruji. Labda alitia ya kutosha mara moja.

Phelister ameuliza, kwa upole mbaya: "Ng'ombe wangapi wamekufa, Baba Nerima?"

Hakuna. Hata mmoja.

"Na bata wa Syprose, wale wanaoshinda humo mferejini?"

Nikamwambia bata si samaki. Akasema ni kweli, bata wana akili, wanalala usiku.

Ijumaa, 13 Mei

Niandike polepole.

Jioni kile kisoksi kinachowaka ndani ya taa kimepasuka. Cha akiba nilikikalia wiki iliyopita. Duka la Busia limefungwa, mvua inanyesha. Nikakaa gizani kando ya tanki na rungu langu, nikiilaani reli, nikimlaani aliyebuni visoksi.

Baada ya saa moja hivi nikasikia majini. Kidogo sana. Kama mtu anayebusu maji. Tap. Tap tap.

Nikawasha tochi, nikaifunika kwa vidole mwanga usizidi. Weupe. Wale mia tatu au nne waliobaki wamekuwa weupe, mwanga unapita ndani yao, na wametoka pembeni — wanakula! Wanang'ang'ania kiini cha yai kama watu wa matanga. Siku kumi na moja sijawaona wakila. Nimekaa nikiangalia matumbo yanavyojaa, madogo, ya manjano, yanaonekana kwa nje kama kitu nyuma ya kioo cha dirisha.

Nikaenda jikoni. Phelister alikuwa anapepeta mtama.

"Wako wale, wa chungu?"

"Umewakumbuka leo?" Akasogeza gunia, akafunua ungo.

Nilihesabu mpaka hamsini na kitu nikaacha. Wakubwa! Kila mmoja mara mbili au tatu ya wangu. Wana ndevu tayari, ndevu kabisa, zinapapasa. Weupe wote, wanazunguka. Tulipoleta kibatari karibu walianza kuzama, mmoja mmoja, na rangi ikaanza kuwarudi, madoadoa meusi yakitanuka kama wino kwenye karatasi ya kukaushia.

Nikamuuliza amewapa maji gani.

"Maji ya mfereji. Maji gani mengine tunayo?"

Nikamuuliza amewapa dawa gani.

"Nimewafunika, nikawasahau. Ndiyo nilivyowalea na wako."

Jumamosi, 14 Mei

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu. Shauri la ng'ombe liko ndani, letu ni la pili. Nina kalamu, nina daftari hili, na chungu cha Phelister kiko katikati ya miguu yangu kimefunikwa ungo. Emukule ameketi benchi la mbele yangu, askari kulia, Alupo kushoto. Amevaa koti. Sijawahi kumwona na koti. Edris amefika na baiskeli, ameegemea ukuta, anasoma barua yangu. Anasema mwandiko mzuri sana.

Sasa niandike kilichotokea, bila kupamba.

Hakukuwa na sumu. Vifaranga wa mumi ni weusi mchana, wanajificha. Ni weupe usiku, wanatoka, wanakula. Weupe wao si ugonjwa. Ndiyo afya yao. Mimi niliwatundikia jua la pili juu ya vichwa kwa usiku kumi na moja. Wakabaki weusi, wakabaki pembeni, wakawa na njaa karibu na chakula, njaa ikawafanya watafunane mikia. Niliua elfu mbili na zaidi kwa taa ya zawadi, na kila usiku niliandika kwamba wana rangi ya uzima.

Emukule aliniambia mara ya kwanza aliponiona. Kwa maneno machache, na yote kweli. Nilikasirika kwa sababu alicheka, na wanawake wakacheka. Hicho tu. Kama angeniambia tukiwa wawili huenda ningeizima taa usiku ule ule.

Na kuna jingine.

Asubuhi ile nilipovuta majani, kabla ya kuyachoma, niliona. Chini ya majani walikuwepo mamia. Hai, wepesi, wamepauka, matumbo yamejaa. Kwenye nusu iliyo wazi walikuwa wamelala wafu. Mstari ulionekana kabisa, kama mtu amepiga rula. Niliona kwa macho yangu, jua limekwisha kutoka. Nikasimama pale na jani la mgomba mkononi kwa muda wa kutosha kuelewa. Halafu nikayavuta yaliyobaki nikayatia moto, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupaza sauti na majirani walikuwa wameshaanza kuja.

Sikuliandika kwenye daftari la Edris, la kuona. Sikuliandika humu, la kufikiria. Kanisani nilikuwa nalijua.

Migono kumi na minne. Mtungi wa Alupo.

Barua iko mikononi mwa Edris, kurasa mbili, sahihi yangu chini. Ndani wako wazee wa chama, wanaomba kidimbwi, na wako watu walioichoma migono kwa neno langu. Nikisema, nao pia watakuwa wajinga, na hawatanisamehe upesi. Nisiposema, askari ana pingu, nimeziona.

Upepo umesogeza ungo. Jua limeingia chunguni. Emukule ameinama mbele, ametazama ndani. Amewaona. Macho yake yamekaa kwao muda, kisha yakaja kwangu. Nilidhani atanitemea mate.

"Funika, Karani," amesema. "Inaumia."

Nimefunika.

Mlango umefunguliwa. Wa ng'ombe wanatoka. Askari wa chifu anasoma jina kwenye karatasi — si lake, ni langu kwanza, mshitaki kwanza, nisimame niingie niseme. Chungu nimshikishe nani, Phelister hajafika —

Emukule amenyoosha mikono kukipokea.